Maji Hulazwa, Maji Huamshwa

Wajukuu zangu hunicheka. Nikiwa jikoni naota moto, nikisikia bomba la uani linatiririka bure, mimi husema, "Hebu mmoja akalilaze." Wao huangaliana. Mdogo wao aliwahi kuniuliza kama bomba limechoka. Nikamwambia ndiyo, limechoka, na mimi nimechoka, nenda kalilaze.

Lakini leo sisemi nao. Nasema na ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi ya maji sasa hivi, ninyi wenye spana mpya na mabuti yasiyovuja. Maneno haya mmeyarithi bila kujua yalikotoka. Nimewasikia kwa masikio yangu barabarani pale Njombe, mmoja kasimama shimoni, mwingine kashika gurudumu la valvu: "Laza laini ya sokoni." "Amsha ya bomani." Mnasema kana kwamba maji yaliumbwa pamoja na maneno hayo. Hayakuumbwa nayo. Yaliingia kazini siku moja ya ukungu, Mwingereza bado anatawala, na aliyeshika gurudumu siku hiyo ni mimi.

Nitaeleza, ila msinidai mpangilio. Mzee akianza kupanga, anasahau.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Fundi Chaula. Mkinga, mtu mfupi, na kofia ya sufu isiyotoka kichwani hata kanisani mpaka mchungaji amtazame mara mbili. Bomba alijifunzia Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, na Kiswahili chake alikiokota hukohuko. Changu mimi nilikipata shule ya misheni, darasa la nne, nikakoma hapo. Yeye nyumbani kwake Kikinga, mimi Kibena. Kwa hiyo tulipokutana kwenye Kiswahili tulikuwa kama wageni wawili waliokutana sebuleni kwa mtu wa tatu, kila mmoja anajitahidi asivunje kitu. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililotuponza.

Nilipewa miezi sita ya majaribio. Ukifaa unaandikwa, usipofaa unarudi kulima. Nilikuwa nimeoa mwaka uliotangulia, na mke wangu Damari alikuwa mjamzito, kwa hiyo habari ya kurudi kulima sikutaka hata kuisikia.

Mji wa Njombe wenyewe ulikuwa mdogo. Boma, hospitali, maduka ya Wahindi, soko, nyumba za makarani, basi. Maji tuliyachukua kwenye kijito juu ya mji, palipokuwa na banio la mawe na saruji. Yakitoka hapo yalipita kwenye kisima cha kutuliza mchanga, yakaenda kwenye tangi kilimani, tukayatia dawa, halafu yakateremka mjini kwa uzito wake yenyewe. Mashine hakuna. Laini moja ilikwenda bomani na sokoni, nyingine peke yake hospitalini. Mkinielewa hapo mmeelewa mji mzima.

"Kuyaleta maji ni kazi ya kilima," Fundi alikuwa akisema. "Kazi yetu ni kujua yanakopotelea."

Kujua yanakopotelea ilikuwa kazi ya sikio. Fundi alikuwa na fimbo ya mwanzi mkavu, ndefu mpaka kifuani. Ncha moja unaiweka juu ya bomba au juu ya valvu, nyingine sikioni, unaziba sikio la pili kwa kidole, unatulia. Bomba zima linanong'ona sawasawa. Penye kuvuja linafoka kama mtu anayepuliza uji. Wiki yangu ya kwanza nikamwita mbiombio, nikamwambia hapa chini panavuja vibaya sana, nasikia maji yanaguguma. Akaja, akasikiliza muda mrefu, akanirudishia fimbo. Akaniuliza asubuhi nilikula nini. Nikasema maharage. Akasema, basi tusichimbe hapa, ni tumbo lako. Habari hiyo ilifika sokoni kabla yangu.

Msicheke sana, maana hata mji ulikuwa bado unajifunza. Mnajua kwetu ulanzi, pombe ya mwanzi, unavyogemwa. Mwanzi mchanga unakatwa ncha, kopo linafungwa chini yake, linaachwa lidondokewe, na mgemaji anapita asubuhi na jioni. Sasa mabomba ya kwanza ya mtaani yalipowekwa, akina mama wakaona ni jambo lilelile. Mtu anafungua koki kidogo sana, anaweka ndoo chini, anakwenda zake shambani, jioni anarudi kuchukua. Na hawakutaka kabisa koki ifungwe. Walisema ukiizuia isidondoke inaziba moja kwa moja, na chanzo kinakufa, kama mwanzi usiogemwa. Ikawa kila alfajiri tunalikuta tangi tupu, mabomba yote ya mji yamedondoka usiku kucha yakimwagia majani.

Karani mmoja alitaka watu waadhibiwe. Fundi akasema hapana. Akawapeleka akina mama wanne wakubwa mpaka tangini, akawafungulia mfuniko wachungulie. Akawaambia mwanzi wao ndio huu, hauna mizizi, unanyweshwa na kijito kile, na kijito kinataka usiku mzima kuujaza. Mmoja wao, mama mzito mwenye sauti kubwa, akauliza kwa nini hawakuambiwa hivyo tangu mwanzo. Kuanzia wiki ile hakuna koki iliyodondoka usiku, na yule mama ndiye aliyekuwa akizikagua. Nashukuru niliona jambo lile mapema. Katika miaka yangu yote ya kugawa maji sijaona watu waliokataa kufunga koki baada ya kuonyeshwa tangi.

Haya, sasa ile siku.

Ilikuwa Julai. Mnaijua Julai ya Njombe. Asubuhi ile baridi ilikuwa imetandaza unga mweupe kwenye majani, na ukungu umeshuka mpaka huoni mkono wako ukiunyoosha. Damari alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana yake, mama yangu akampeleka hospitalini. Siku hizo mwanaume hakai hospitali kusubiri mtoto. Nilikwenda kazini kama kawaida.

Na kazi yenyewe ilikuwa hukohuko. Laini ya hospitali ilikuwa inavuja kwenye kiungo kimoja bondeni, na ilibidi ifungwe ndipo itengenezwe. Fundi alikwenda mwenyewe kuongea na mkunga. Mkunga akasema pipa lao la darini limejaa, litawatosha mpaka saa nne, zaidi ya hapo hapana, maana ana akina mama wawili chumbani na mmoja hali yake haimpendezi. Fundi alijua huyo mmoja ni nani. Aliporudi hakuniambia. Alisema tu, "Leo tunafanya haraka, wewe Mbena."

Mimi nikapanda kilimani kwenye valvu, nikafunga. Yeye akabaki bondeni na kiungo chake, na katani, na rangi nyekundu ya kuzibia. Kuonana haiwezekani, ukungu mtupu. Tulisikizana kwa kupaza sauti, kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo.

Saa nne kasorobo hivi nikasikia, "Jaribu!" Nikafungua nusu zamu, nusu mzunguko wa gurudumu, maji yakapita kidogo. Kimya. Anakaza, nikajua. Halafu ikaja sauti nyingine. Mimi nikasikia, "Funga!"

Nikafunga. Nikafunga sawasawa, kwa mikono miwili, nikijua ameona kiungo bado kinavuja.

Sasa sikilizeni. Fundi Chaula hakusema funga. Alisema fungua. Ila ulimi wake tangu Chunya haukuwahi kulitamka neno lile lote. Alisema "fungwa", ule mkia ameumeza, na kidogo kilichobaki kikamezwa na ukungu. Tulikuwa tukimtania siku zote kwamba kila bomba analolishika analihukumu kifungo. Kumbe mzaha ule ulikuwa onyo, nasi hatukulisikia.

Kule bondeni yeye akakitazama kiungo. Kikavu kabisa. Hakuna hata tone. Kitavuja vipi, na maji hayapo? Akafurahi. Mvua ya manyunyu ilikuwa inaanza, akafukia haraka, akaondoka. Fimbo ya mwanzi alikuwa nayo begani. Hakuiweka sikioni. Yeye aliyeniambia kila siku ya Mungu, usiondoke kwenye bomba kabla hujalisikiliza, siku hiyo hakulisikiliza.

Tukakutana ofisini, ananisifia kiungo chake. Tukala viazi na chai. Nikaomba ruhusa nikamwone mke wangu, akasema rudisha vifaa stoo kwanza, halafu nenda.

Sikufika stoo. Mhudumu wa hospitali aliingia anahema. Pipa la darini limekwisha, mabomba yote ya hospitali makavu, na mkunga anauliza kama watu wa maji wamesahau. Walikuwa wametuma watu kijitoni na ndoo, lakini maji ya kijito lazima yachemshwe, na kuni zilikuwa mbichi. Mtoto alikuwa anakuja na mama alikuwa anatoka damu. Halafu akanitazama mimi. Hapo nikajua ni mama yupi.

Fundi akanigeukia.

"Ulifungua?"

"Ulisema funga."

Nakumbuka uso wake mpaka leo. Hakubisha. Hakuniuliza kama nina masikio. Midomo yake ikalisema lile neno polepole bila sauti, mara moja, mara mbili, akijisikiliza mwenyewe. Kisha akachukua kofia yake na fimbo, tukatoka mbio.

Kama si yeye, ningelifikia lile gurudumu nikalizungusha mpaka mwisho kwa pumzi moja. Ndivyo mwili wangu ulivyotaka. Na ningefanya hivyo, leo nisingekuwa na la kuwaeleza. Laini ile ilikuwa imekaa tupu saa nyingi, imejaa hewa. Ukiyaachia maji kwa kishindo kwenye bomba lenye hewa, hewa inakwama kwenye nundu, pale bomba linapoinuka, na maji hayapiti, au yanapita na kupiga bomba kama nyundo. Na chini bondeni kulikuwa na kiungo cha asubuhi ileile, rangi haijakauka.

Chini ya kilima Fundi alinishika kifua.

"Ukiharakisha utakipasua kiungo," alisema, "na mkeo hatapata maji mpaka kesho. Zamu tatu za kwanza unazifungua robo kwa robo. Kila robo moja, Baba Yetu moja. Uisali yote, usirukeruke."

Zamu tatu ni robo kumi na mbili. Baba Yetu kumi na mbili, na mke wangu upande wa pili wa bomba.

Yeye alikuwa anakwenda kwenye nundu karibu na hospitali, penye koki ya hewa, aitoe hewa mimi nikiyaachia maji. Hatua mbili akaenda, akarudi.

"Na leo hatusemi yale maneno. Sisemi mimi wala husemi wewe. Nikikuambia lala, unafunga. Nikikuambia amka, unafungua. Na kabla hujagusa gurudumu unanirudishia neno langu. Nisipolisikia limerudi, tuhesabu sijasema."

Akapotea kwenye ukungu. Nikapanda peke yangu, nikashika chuma, chuma baridi kama barafu. Nikangoja. Ikaja ile sauti, mbali, lakini haina mkia wa kumezwa:

"Amka!"

"Amka!" nikarudisha. Robo ya kwanza. Nikaanza kusali.

Ninyi mnaosali mmezoea kusali mkifikiria mengine. Mimi siku ile nilisali kila neno kama ninavyotafuna mfupa, maana kila neno lilikuwa linanizuia. Robo ya pili. Ya tatu. Chini ya miguu yangu nikasikia bomba limeanza kunong'ona. Ya sita. Nilipokuwa kwenye ya saba, kwenye mkate wetu wa kila siku, ikaja sauti.

"Lala!"

Nikaganda. Vijana wangu, nawaambia ukweli, sikutaka kuitii. Kichwa kiliniambia umesikia vibaya tena, hawezi kusema ufunge sasa. Lakini hakuna namna ya kusikia lala ukadhani ni amka. Ndiyo maana aliyachagua maneno yale, katika hatua mbili tu, mtu wa darasa la kwanza na nusu.

"Lala," nikarudisha. Sijui sauti ilitoka wapi. Nikafunga.

Kumbe alipofika kwenye koki ya hewa aliisikiliza laini kwa fimbo, akasikia kiungo kinafoka. Akanipa lala, akakimbia bondeni, akakifukua kwa mikono, akakikaza, akarudi kwenye nundu. Mimi sikuyajua hayo. Nilijua tu nimesimama juu ya kilima nimeyafunga maji ya mke wangu kwa mara ya pili siku hiyohiyo, nalia kama mtoto.

"Amka!"

"Amka!"

Tukaanza moja upya. Baba Yetu kumi na mbili. Sikuruka hata neno.

Nilipofika hospitalini mama yangu alikuwa mlangoni. Akasema ni msichana, na Damari amelala, yuko hai, usiingie. Nikakaa chini palepale kwenye tope. Mambo mengine sikuuliza. Kwetu, yanayotokea chumba cha uzazi ni ya wanawake. Mwanaume haulizi, na mwanamke hamwelezi, sembuse kumweleza mzee asiye wa ukoo wake. Nilishukuru nilichopewa nikanyamaza.

Siku ya tatu tukaitwa na Bwana Maji. Ndivyo mji ulivyomwita yule Mzungu aliyesimamia maji, mtu wa miguu mirefu, Kiswahili chake alikisoma kitabuni na kilikuwa safi kuliko chetu sote. Akauliza kosa ni la nani. Nikajua miezi yangu sita imekwisha.

"Kosa ni la lugha, Bwana," Fundi akasema.

Akauliza lugha gani. Fundi akasema Kiswahili. Bwana Maji akamwambia kwamba Kiswahili hakifungi valvu. Ndipo Fundi akamwomba atoke nje, asimame ng'ambo ya barabara, yeye Fundi ampigie kelele maneno yale mawili, na Bwana aandike alichosikia. Mzungu akatoka kweli na karatasi yake. Fundi akapaza sauti mara sita. Mzungu aliporudi alikuwa amepata mawili kati ya sita. Akacheka kidogo, kisha akauacha mcheko, akauliza maneno mapya ni yapi, akayaandika. Kuhusu mimi Fundi alisema maneno machache tu. Alisema neno lilitoka kinywani mwake, kwa hiyo akinifukuza mimi amfukuze na yeye. Sikufukuzwa. Miezi sita ya majaribio ilipokwisha nikaandikwa. Chakula nilichokula miaka yote hiyo, shule walizosoma watoto wangu, na hiki kiti ninachokalia, vyote vimetoka kwenye sentensi ile.

Lakini Fundi mwenyewe hakupona.

Mjini watu walisema maji yalichelewa. Walisema yalifika kila kitu kimeshapita, na kwamba yule mama na mwanawe waliponywa na Mungu tu, watu wa maji hawana shukrani ya kudai. Fundi aliyasikia. Nilimwambia Fundi, wazima wote, mtoto ananenepa. Akawa anaitikia, kisha ananiuliza habari za spana. Kila Krismasi alinipa kuku nimpelekee mama mtoto, na hakukanyaga mlango wangu hata siku moja. Alipita kwenye kona yetu ameinamisha kofia. Kazini ukimuuliza jambo lolote jibu lake lilikuwa moja, weka fimbo sikioni kwanza. Nilijua anajisemea yeye.

Na mimi ningemwambia nini? Kama maji yalifika kwa wakati au yalichelewa sikujua. Aliyejua alikuwa Damari, na Damari hakusema.

Miaka ikaenda. Nikapandishwa, nikapelekwa Makambako. Msiilinganishe na Makambako yenu. Ilikuwa njia panda ya malori, maduka machache, nyumba za kulala madereva, na vumbi. Maji walinunua kwa debe au walichota mabondeni. Tukapewa kazi ya kuwaletea: mashine ya kusukuma maji kutoka kisimani, tangi kwenye mwinuko upande wa Lyamkena, na mabomba mawili ya watu wote penye njia panda. Kulaza mabomba kulituchukua msimu mzima wa kiangazi. Siku ya kuyafungua ilipokaribia nikampelekea Fundi barua. Alikuwa amestaafu, macho yamefifia, lakini kazi ya siku hiyo haikuhitaji macho. Nilimwandikia hivi: gurudumu la kwanza la Makambako ni lako.

Akaja, juu ya lori la mbao, na fimbo yake.

Siku hiyo hapakuwa na ukungu ila upepo, ule wa Makambako unaovua watu kofia. Fundi alikaa juu kwenye valvu ya tangi, na kutoka kwenye bomba la njia panda hadi huko sauti yangu haikufika. Tukahitaji mtu wa katikati wa kupokea neno na kulipeleka. Nilikuwa nimepanga kibarua mmoja, lakini Damari akasema atasimama yeye. Alikuwa na sauti ya kwaya, ile inayosikika nje ya kanisa. Nikamwambia kuna vibarua. Akasema, "Niachie mimi hili."

Njia panda imejaa watu. Madereva, wenye maduka, akina mama na madebe yao. Nikamwashiria Damari. Akageuka kuelekea tangini, akajaza kifua.

"Amka!"

Kutoka juu, nyembamba, ya mzee, ikarudi: "Amka."

Halafu hakuna kilichotokea. Koki iko wazi, haitoi kitu. Watu wakaanza kunung'unika. Dereva mmoja wa lori akauliza kwa sauti kama hii ndiyo serikali, kuita watu waje kutazama chuma. Akina mama wakanitazama mimi. Damari akiwa palepale katikati ya njia, mikono kiunoni, akawajibu.

"Tulieni. Yuko kwenye ya tano."

Hawakumwelewa. Mimi nilimwelewa, na midomo yangu ilikuwa kwenye Baba Yetu ya tano vilevile.

Ya kumi na mbili ilipokwisha koki ikakohoa. Ikatema hewa, ikatema maji mekundu ya kutu, watu wakaruka nyuma, wakapiga vigelegele. Akina mama wakavamia na madebe. Damari akawazuia. Alijua, maana nimemwambia mara nyingi, maji ya kwanza ni ya kuosha bomba si ya kunywa. Akaacha ndoo mbili zimwagike. Ya tatu ilipojaa safi akachota bakuli moja, na kabla ya mtu mwingine yeyote kuonja, akaanza kupanda nalo kule tangini. Nikamfuata.

Fundi alikuwa amekaa kando ya valvu, mkono bado juu ya gurudumu, fimbo sikioni, analisikiliza bomba. Damari akapiga magoti, akampa bakuli kwa mikono miwili, kama tunavyowapa wazee wetu. Wakasalimiana, kamwene, kamwene. Akanywa. Akamrudishia bakuli, na macho yake akayapeleka pembeni kama kawaida yake.

Damari hakuinuka.

"Baba," alisema, "siku ile yalifika. Mkunga alikuwa amekwisha kuniachia mkono, anatafuta pa kunawa, ameniambia nivumilie hana la kufanya. Bomba la ukutani likakohoa kama hili la leo. Nililisikia mimi kabla yake. Mtoto alikuwa bado hajatoka. Yalifika, Baba."

Upepo ulikuwa unamvuta Fundi Chaula kofia na hakuishika. Damari akabaki amepiga magoti, hakumharakisha, na nikaona anangoja nini. Alikuwa mke wa mtu wa maji. Alijua kwamba neno lisiporudishwa linahesabiwa halijasemwa.

Yule mzee akavua kofia yake ya sufu mwenyewe, bila kutazamwa na mchungaji.

"Yalifika," alirudisha.